Mama Alipokataa Kula

Mama alipoacha kula, mimi nilidhani tatizo ni chakula. Jirani yake alinipigia simu: "Mama yako siku hizi anakunywaga maji tu. Uji anawamwagia kuku." Nilifunga nyumba yangu ya Kigera, Musoma, asubuhi hiyohiyo, nikaondoka kwenda kwetu Butiama. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo nilibeba mchele, mkate na sato wa kukaanga. Mama alivipokea, akashukuru, akavifunika. Jioni vilikuwa palepale, na sisimizi walishaanza mkate.

Mimi hasira zangu ziko karibu, hasa nikiogopa. Na siku ile niliogopa, maana mikono yake ilikuwa imebaki mifupa.

"Sasa mama unataka nini?"

"Ugali wa ulezi," akasema, utadhani ananituma chumvi dukani. "Ule tuliokuwaga tunakula kabla ya haya mahindi yenu."

Mahindi yetu! Kana kwamba ni mimi niliyeyaleta. Lakini alikuwa na hoja. Bibi yangu alitusimulia kwamba zamani za bibi yake yeye, ugali ulikuwa wa ulezi au mtama, na kitoweo kilikuwa maziwa, mlenda, nyama ya porini, na ningu, samaki waliopanda mtoni wakati wa mvua. Muhogo uliingia kwa amri ya mkoloni aliyeogopa njaa, wazee wakaula huku wakiutukana. Pamba ikaja ikachukua mashamba. Halafu watoto tukapelekwa shule, mtama ukakosa wa kuufukuzia ndege, na palizi ya ulezi ikakosa migongo. Mahindi hayakudai mengi, yakakaribishwa. Sangara naye alipotia mguu ziwani, samaki wadogo wakabaki hadithi. Hakuna aliyekaa kikao kuamua tule nini. Tulikula kilichobaki.

Kilichodumu zaidi ni namna ya kula. Kwetu mwanamke hakula kuku wala yai, na mtoto wa kiume akishatahiriwa aliaga chungu cha mama yake. Wanaume walikula uani, wanawake jikoni. Tangu nipone kidonda changu cha jando sikuwahi kutia mkono katika sahani moja na mama, na sikuona ajabu yoyote. Ndiyo ilikuwa heshima.

Nilipoenda kumtafutia mama ulezi, pale sokoni kwetu nilikuta uliosagwa tayari pamoja na soya na karanga, unga wa uji wa watoto. Kesho yake nikaenda Bunda. Mama mmoja muuza nafaka akaniuliza, "Wa pombe au wa uji?"

"Wa ugali."

"Weee! Nani anakulaga huo siku hizi?"

Nilimjibu kwamba ni mama yangu, na kwamba vingine vyote amevikataa. Akaniongezea kopo la bure.

Mashine ya kusagia ilikuwa imetoka kusaga mahindi, nikamsumbua kijana wa mashine mpaka akaisafisha. Nikarudi Butiama, nikapika mwenyewe, moshi ukinitoa machozi. Ugali ulitoka mweusi, mzito, wa kung'ang'ania mwiko. Nikamnawisha mama, nikamwekea na bakuli la maziwa ya mgando, kisha nikatoka uani nikamwacha ale kwa nafasi, kama mwanamume aliyefunzwa adabu.

Niliporudi, ugali ulikuwa haujaguswa.

"Nimekosea kupika?"

"Umepika kumshinda hata marehemu mkeo, Mungu amlaze pema."

"Sasa kwa nini huli?"

"Huu haukuwaga wa mtu mmoja. Wake wenzangu, wifi zangu, dada zako, mikono ilikuwa inagongana humuhumu jikoni. Wengine wamezikwa, wengine wameolewa mbali. Sasa nikila, ninasikiaga meno yangu tu."

Nilisimama mlangoni na mvi zangu, nikijua vizuri baba angesema nini. Kisha nikavuta kigoda, nikanawa, nikamega. Mama alinitazama nikitafuna. Naye akamega tonge dogo, akalichovya katika maziwa, akala. Akamega lingine. Nilikuwa na furaha, na nilikuwa na uchungu kwamba dawa yenyewe ilikuwa ndogo kiasi kile.

Tulikuwa tumefika katikati ya ugali aliponiuliza, "Na wewe huko Musoma, tangu mkeo atutoke, unakulaga na nani?"

"Na redio, mama."

Nilitaka acheke. Hakucheka. Alimega tonge, akalichovya, akaninyooshea mpaka mdomoni, mimi babu wa watu, nami nikafungua kinywa nikalia huku nikitafuna.