Aliyegonga Nguzo Shimoni

Sina sababu ya kukudanganya. Kama ningekuwa natunga, ningejipa sehemu nzuri kuliko hii. Yalinipata mimi mwenyewe, saa nne asubuhi, ndani ya shimo la dhahabu huku Nyatike, nikiwa nimekunywa chai tu.

Acha nikueleze kazi kwanza, ndipo utaelewa. Shimo huchimbwa kwenda chini kama kisima, kisha hukata kando kufuata mwamba. Udongo wa juu huzuiwa na nguzo za mbao. Kila asubuhi mtu mmoja hupita akizigonga kwa mpini wa nyundo. Nguzo nzima hulia. Iliyoliwa na mchwa haina sauti, ni kama umegonga gunia la mahindi.

Mgongaji wetu alikuwa Masanja, Msukuma kutoka Geita, ng'ambo ya mpaka. Alikuwa akigonga mara tatu, anatulia, anagonga tatu tena. Tulimcheka: "Omera, ndugu yetu, hiyo mbao unaitongoza?"

Naye akajibu, "Kaka, afadhali niitongoze mimi kuliko ikukumbatie wewe."

Siku moja alimwambia bosi kwamba nguzo nne zimekufa. Bosi akasema mbao ni ghali. Basi Masanja akavaa shati lake jeupe aende Migori mjini kuripoti kwa maafisa wa madini. Alituomba watu wawili tu wamsindikize. Tulitazama chini, na mimi pia. Sijui nani alimpigia bosi simu, lakini Masanja aliporudi jioni polisi walikuwa wanamngoja. Bosi akawaambia huyu mgeni hana karatasi. Hebu fikiria! Karatasi zake zilikuwa kwenye kabati la bosi tangu siku alipoajiriwa, na sote tulijua. Hakuna aliyefungua mdomo, wakamchukua hadi seli.

Siku ya tatu tulishuka watu wanne. Mmoja alikuwa Ouma, ndugu wa mke wangu. Nilitangulia hadi mwisho wa njia, nikasikia mtu anagonga. Tatu. Kimya. Tatu.

Niliinua tochi. Alikuwa Masanja, na shati lake jeupe, bila taa yoyote. Nikasema, "Wamekuachilia?" Hakugeuka. Aliweka kiganja kwenye nguzo, kama unavyompima mtoto homa, akasema, "Kaka, hii imekwisha. Toa watu."

Niamini, kilichonitisha ni lile shati. Mle ndani huwezi kupiga hatua kumi bila kupakwa vumbi jekundu. Lake halikuwa na doa. Nikapepesa macho, na mbele yangu palikuwa na mwamba mtupu.

Nilikimbia nikipiga kelele, "Tokeni, Masanja anasema nguzo imekwisha!" Wale wawili wengine walinifuata. Ouma alicheka. "Shemeji, mtu yuko seli na bado anakutisha? Nendeni, mniachie dhahabu."

Nilimvuta mkono, akaukwepa. Wale wawili walipandishwa kwa kamba, nami nikafuata. Miguu yangu ilikuwa haijatulia kwenye nyasi pale ardhi ilipokohoa chini yetu. Ouma tulimtoa siku ya pili.

Baadaye nilikutana na mama mmoja muuza chang'aa, ile pombe haramu, aliyekuwa amefungiwa kituo kile kile cha polisi alikokuwa Masanja. Aliniambia Masanja hakutoka seli hata dakika moja. Ila asubuhi ile aligonga ukuta kwa ngumi, tatu tatu, mpaka vidole vikatoa damu. Ilipofika saa nne hivi akaacha, akalia kama mtu aliyefiwa. Kesho yake wakamvusha mpaka.

Sasa sikiliza kosa langu. Kwenye mazishi ya Ouma nilisimama nikasimulia yote, nikidhani namsifu Masanja. Nilipomaliza, bosi aliyenunua jeneza aliinuka, akasema kwa upole, "Mmesikia wenyewe. Mchawi alikuwa shimoni siku hiyo." Mama mkwe wangu akapiga nduru. Kutoka hapo hakuna aliyeuliza tena habari za nguzo.

Masanja alinipigia mara moja, kwa simu ya kuazima. "Kaka, ni kweli umesema niliwaangushia shimo?" Nilianza kueleza. Akasema, "Siwezi kurudi huko, wataniua," akakata.

Bosi amefungua shimo jingine. Juzi niliwafuata wafanyakazi wake wapya, watu watatu kutoka ng'ambo, nikawaambia wasikabidhi karatasi zao na wazigonge zile mbao wenyewe. Walisikiliza kwa heshima. Kisha mmoja akaniuliza, "Samahani mzee, wewe si yule wa mchawi?" Wakacheka, wakashuka.

Ndiyo maana nakueleza taratibu, ndugu yangu, na najua utaelewa. Nani alikuwa mle shimoni, mpaka leo sijui. Lakini mchwa ndani ya zile nguzo, tulipomchimbua Ouma, niliwaona kwa macho yangu. Mgeni akikuomba umsindikize kuripoti hatari, vaa viatu mwende, hata kama unatetemeka. Usimwache aende peke yake, halafu ungoje miujiza ndipo umwamini. Mimi nilingoja, na muujiza wenyewe ukageuzwa kuwa kesi dhidi yake.