Posa ya Trauti

Nderitu wa bucha ya Kimumu hakuwa mwoga. Aliwahi kufukuza mwizi akiwa amejihami kwa mguu wa ng'ombe, na mchungaji aliyekuja kuomba mbavu kwa jina la Bwana alirudishwa na baraka tupu. Lakini mwonyeshe samaki, hata wa mkebe, utaliona jitu zima likitafuta mlango. Shosho, yaani nyanya yake, alimlea akimwambia samaki ni binamu wa nyoka aliyepata kazi majini.

Basi Mungu, ambaye anapenda mzaha kuliko makanisa yanavyokiri, akampa penzi la Emmaculate, muuguzi, binti wa Mzee Lazarus, fundi viatu wa Huruma aliyekulia kando ya Ziwa Victoria.

Siku ya kujitambulisha, Nderitu alibeba mbuzi mzima aliyechunwa vizuri. Mzee akashukuru, akaamuru samaki aletwe mezani. Nderitu akala ugali na sukuma, akimkwepa yule samaki kama dereva anavyokwepa shimo.

"Kijana," mzee akasema, "kwako binti yangu atakuwa anapika nini? Kwato?"

"Nitajifunza, Mzee."

"Si kwa mdomo. Niletee samaki uliyemshika kwa mikono yako, kwenye maji yanayokimbia. Wa sokoni nitamjua, na wa bwawa ni kuku aliyelowa. Umlete Jumamosi. Jumapili kuna mwalimu anakuja kutoka Siaya kumposa huyu, na yeye hula mpaka mapezi."

"Mimi yule mwalimu simtaki," Emmaculate alimnong'oneza Nderitu mlangoni. "Lakini pia sitaolewa baba akiwa amenuna. Lete huyo samaki."

Jumamosi Nderitu akapanda milima ya Cherangani, pamoja na Austine, kaka yake Emmaculate, aliyetumwa kama shahidi. Huko kuna mto mkali, baridi kama moyo wa landilodi, wenye trauti: samaki walioletwa na wakoloni, ambao wakasahau kuondoka nao. Bethwel, mwenye kambi ya wavuvi, akawakodishia fimbo na kuwapa sheria moja: hakuna minyoo, hakuna nyavu za kutega. Ni nzi wa manyoya tu.

"Huyu samaki anakula manyoya?" Nderitu akauliza.

"Anadhani ni mdudu. Ndani hakuna chakula, ni ndoano tu."

"Ah, kumbe ni kampeni," Austine akasema.

Nderitu akarusha mshipi. Akanasa kofia ya Austine. Akarusha tena, akanasa mwerezi. Kufikia saa saba alikuwa ameshanasa kila kiumbe cha Mungu isipokuwa wale wenye mapezi, na suruali yake mwenyewe mara mbili.

Halafu, kwa bahati tu, nzi akatua taratibu nyuma ya jiwe. Maji yakapasuka.

"Vuta!" Austine akapiga kelele. "Omera, ndugu yangu, vuta!"

Nderitu akavuta kwa nguvu zote za bucha. Mshipi ukakatika. Trauti akaenda zake na nzi mdomoni.

"Kwetu ziwani tungekuwa tunakaanga saa hii," Austine akasema.

"Kwenu mna nyavu. Hapa nimepewa uzi wa kushonea vifungo!"

Bethwel akamfungia nzi mwingine, akatazama juu. "Mvua inakuja. Mto ukichafuka, leo imeisha."

Nderitu akarusha. Trauti wa pili akashika, akakimbilia chini ya mto, fimbo ikapinda. Na hapo mkono wa Nderitu ukautambua ule mvuto. Ukimvuta mbuzi kutoka sokoni anasimika kwato na kukata kamba. Ukilegeza, ukatembea naye, anajileta mpaka mlango wa bucha.

Akalegeza.

"Shem, unamwachilia! Vuta!"

"Nyamaza wewe! Mbuzi havutwi. Anasindikizwa."

Akaingia majini, maji magotini, akamfuata samaki juu ya mawe yanayoteleza, akimbembeleza kwa Kikuyu kama mgeni anayeonyeshwa njia. Samaki akikimbia, anampa uzi. Akichoka, anauchukua. Mwishowe trauti akalala ubavu. Bethwel akatoa wavu wake mdogo wa mkononi.

"Weka huo kando," Nderitu akasema. "Mzee alisema mikono."

Na mtu aliyekuwa akikimbia mkebe akatumbukiza mikono miwili, akanyanyua trauti mwenye madoadoa, akapiga ukelele uliofanya nyani wa msitu mzima waitishe mkutano.

Jioni, kule Huruma, Emmaculate akamkaanga trauti bila kumkata. Mzee Lazarus akavaa miwani, akaizungusha sahani.

"Mbona ana madoadoa? Huyu ni mgonjwa?"

"Ni trauti, baba," Austine akasema. "Nimeona kwa macho yangu."

"Simjui." Kwa mara ya kwanza maishani, mzee akasita mbele ya samaki.

Nderitu akafumba macho, akachomoa jicho la trauti, akatafuna, akameza. Akangoja kufa. Hakufa. Akakivunja kichwa, akakiweka mbele ya mzee kwa mikono miwili.

"Kichwa ni cha mwenye nyumba."

Watu wote wakamtazama mwenye nyumba. Mzee akaonja kidogo. Akanyonya mfupa. Mkono ukarudi sahanini wenyewe.

"Emmaculate," akasema, "mpigie yule mwalimu. Mwambie asipoteze nauli." Akamgeukia Nderitu. "Na wewe, lete wazee wenu."

Austine akanyoosha mkono achukue mkia. Akakuta Nderitu ameshautafuna.