Chasisi ya Marehemu

Nekesa ana kinyongo kizuri. Nasema kizuri kwa sababu amekitunza, amekilisha, na kwa miaka mingi kimekuwa kikimwamsha Jumamosi kabla ya majirani. Siku za kazi anauza mbegu na dawa za mifugo katika duka moja mjini Eldoret, anacheka na wakulima, anawaulizia watoto wao. Ukimwona hapo utaapa kwamba ni mtu mpole. Ikifika Jumamosi anavaa ovaroli, anatoka kwake Munyaka, anakwenda gereji ya Dennis kule Langas, na huko ndiko alikokuwa akimshughulikia kaka yake, bolti moja baada ya nyingine.

Kaka huyo anaitwa Wabuge. Baba yao alipofariki, ukoo ulikutana nyumbani, nje kidogo ya Moi's Bridge, ili kugawa vitu vya marehemu. Nekesa hakuomba shamba wala ng'ombe. Aliomba pikapu tu, Datsun kuukuu ambayo baba alimfundishia kuendesha kando ya shamba la mahindi, na ambayo yeye ndiye aliyeshika usukani wake macho ya mzee yalipofifia. Wabuge alisimama, akajishika kiuno.

"Wewe si utaolewa? Sasa unataka gari nayo iolewe?"

Watu waliangua kicheko. Mzee Khisa, mdogo wa marehemu, ambaye ndiye aliyekuwa akigawa, alicheka mpaka akatafuta kitambaa cha kufutia machozi. Maneno yale yalimkata Nekesa maini, na akayaacha yakae hapo hapo yalipokata.

Wabuge aliitesa ile pikapu. Aliipakia mahindi mpaka springi zikalala, oili akaisahau, na injini ilipokufa akawaita watu wamsaidie kuisukuma nyuma ya zizi. Kuku wakahamia humo. Mvua ikaingia ilivyotaka. Nekesa alipoomba aichukue, alijibiwa mbele ya wageni, maana Wabuge hasemi jambo bila watazamaji.

"Chukua hiyo takataka, unisaidie kufagia boma."

Akaichukua. Ilivutwa hadi Langas kwa kamba, na njiani ikadondosha mlango.

Wapenda magari hupenda kusema kwamba kufufua gari kuukuu ni kazi ya upendo. Wacha waseme. Ya Nekesa ilikuwa kazi ya chuki, na sijaona kazi iliyofanywa kwa uangalifu kuliko ile. Alijifunza kukwangua kutu, kuchomelea, kupuliza rangi bila kuacha michirizi. Injini ilitoka kwa Toyota iliyogongwa nyuma lakini moyo wake ukabaki mzima. Akatia giaboksi ya gia tano, ekseli imara zaidi, matairi mapana, viti laini, na bodi ya nyuma ndefu kuliko ile ya kwanza. Wenzake walijenga nyumba za kupangisha, yeye akajenga gari. Siku moja Dennis alimwona akipiga msasa mahali pa ndani kabisa, chini ya kiti.

"Madam, hapo hakuna mtu ataona."

"Ataona," Nekesa akasema, akaendelea kusugua.

Krismasi ikafika. Aliingia bomani polepole, dirisha limeshushwa, pikapu inang'aa rangi ya maziwa, akapiga honi mara moja tu, kistaarabu. Mama yao, Mama Selpha, alitoka jikoni akipiga vigelegele, akaizunguka akiipapasa kama mtu anayekagua ndama. Wabuge naye akaja. Alifungua boneti, akafunga. Akaketi kwenye kiti, akainuka. Akachungulia chini ya kile kiti, na uso ukamshuka. Nekesa aliufaidi uso ule kuliko kuku wa Krismasi, na alirudi Munyaka akiimba.

Raha hiyo haikudumu. Mwaka mpya ulipoanza tu, Mzee Khisa alimpigia simu aje nyumbani, aje na gari. Alipofika akakuta wazee wa ukoo wameketi uani na chai imeshamiminwa. Wabuge alikuwa amevaa koti.

"Mimi nilimpea atengeneze," Wabuge akasema. "Sikumpea ikuwe yake. Hii ni gari ya mzee."

"Injini ni yangu," Nekesa akajibu. "Milango ni yangu. Viti, matairi, rangi, kila kitu nimeweka mimi. Wewe ulinipea takataka, na watu walisikia."

Mzee Khisa alikunywa chai yake taratibu. Ni mtu asiyependa kesi ndefu, na Wabuge ndiye anayemlimia shamba kwa trekta kila msimu, kwa hiyo hesabu yake ilikuwa imeshafanywa tangu nyumbani kwake.

"Injini mtu anabadilisha. Bodi mtu anabadilisha. Gari ni chasisi," akasema. "Na hiyo chasisi ilikuwa ya ndugu yangu. Kitu ya ndugu yangu ni ya kijana yake."

"Umesema gari ni chasisi, Mzee?"

"Nimesema."

"Na hivi vitu viko juu yake?"

"Hivyo ni vyako, kama unavitaka." Wazee wakacheka, kama zamani.

"Navitaka," Nekesa akasema, akatoa simu akampigia Dennis.

Dennis alifika na lori, minyororo ya kuinulia injini, na mafundi wawili. Hapo kicheko kikakatika. Nekesa alivaa ovaroli yake juu ya gauni na kuanza na kioo cha mbele, akakivua kwa upole akakilaza juu ya magunia ndani ya lori. Ikafuata milango, boneti, taa. Majirani waliacha kazi zao wakajaa uani, na vijana wakajitolea kubeba, maana tamasha la namna hiyo halina kiingilio. Injini iliponing'inia hewani, Wabuge aliweka kikombe chini.

"Nekesa, wacha basi. Tukae chini tuongee."

"Tulikaa chini ile siku ya mzee. Uliongea wewe."

Akaendelea. Kila nati iliyolegea ilimpa utamu ambao hakuupata hata siku ya kuikaza, na hakujaribu kuuficha. Mikono ilimvuja damu, akaipangusa kwenye ovaroli. Jua lilipoanza kuinama, palibaki chasisi tupu, vyuma viwili virefu na vya kuviunganisha, vimeegemezwa juu ya mawe, na Wabuge pembeni akivitazama.

"Hiyo hapo gari yako," Nekesa akamwambia. "Endesha."

Hapo ndipo Mama Selpha alipotoka ndani. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na viatu, mkoba mkononi, kwa sababu aliposikia honi asubuhi aliamini kwamba kesi ikiisha atapelekwa mjini kutembezwa. Aliangalia lori, akaangalia vile vyuma juu ya mawe.

"Ng'ombe wangu wawili ndio walinunua hii gari," akasema, na hakupaza sauti. "Niliwaswaga mimi mwenyewe mpaka soko. Siku mnagawa, nilikuwa jikoni nawapikia. Mmepeana, mmenyang'anyana, sasa mmevunja. Hakuna mtu ameniuliza."

Akarudi ndani, akafunga mlango.

Uani hapakuwa na aliyejua pa kuweka macho. Mzee Khisa aliinamia kikombe kilichokuwa kitupu tangu zamani. Dennis akamsogelea Nekesa, akanong'ona.

"Madam, bolti ziko zote. Tukianza sasa, kufika kesho jioni inatembea. Tumpatie mama."

Nekesa aliutazama mlango ule uliofungwa. Aliona aibu, aibu kali iliyompanda mpaka masikioni, na nadhani katika maisha yake yote hajawahi kumpenda mama yake kama alivyompenda dakika ile. Spana ilikuwa bado mkononi. Alifungua mdomo aseme ndiyo.

Ndipo akamwona Wabuge. Alikuwa ameshavua koti, anakunja mikono ya shati, tayari kusaidia, na usoni ana tabasamu la mtu aliyepona.

"Washa lori, twende," Nekesa akamwambia Dennis.