Njia Iliyobaki Ndani ya Uzio wa Mnara

Yule tunayemwita kwa heshima Ta Rugemalira, mdogo wa marehemu mume wangu, aling'oa mpaka wa kibanja changu cha migomba na kahawa akaupanda upya karibu na mlango wangu. Koplo Ndaki alimwona, na alipoulizwa akasema hakuona. Kwa sababu ya hao wawili, leo siwezi kutoka nyumbani kwangu bila kuomba.

Mimi ni Serafina. Niliolewa hapa Muleba, juu ya genge linalotazama ziwa, na mume wangu Rwekaza amezikwa katika migomba nyuma ya nyumba. Shule sikuiona. Nililima, nikachuma kahawa, nikalea binti mmoja, Jovitha, ambaye sasa ameolewa Bukoba mjini.

Jeshi lilipopanua kiwanja chake cha ndege kule bondeni, lilitafuta mahali pa juu pa kusimika mnara wa redio unaowaongoza marubani ukungu ukifunika ziwa. Kijiji kikawapa rweya, yaani nyasi za wote, zisizo na mwenyewe. Rweya haikutosha. Ilibidi waingie kidogo shambani kwa mtu, na aliyepakana nayo zaidi ni Rugemalira na kahawa yake.

Wakati huo nilikuwa Miembeni, kule Bukoba mjini, nikimuuguza Jovitha, aliyekuwa amejifungua kwa upasuaji. Kwetu mpaka ni milamula, ile mimea ya majani marefu ambayo mtu haing'oi ovyo. Rugemalira aliing'oa yangu ili kahawa yake isiguswe. Sehemu ya juu ya kibanja, penye nyasi zangu za kutandaza migombani na njia yangu ya kwenda barabarani, ikaonekana ni rweya. Niliporudi nilikuta nguzo zimesimama na waya umeshavutwa.

Nyaya nyingine zimezikwa ardhini kuuzunguka mnara. Ndani ya uzio huruhusiwi kupita wala kupiga jembe. Nyuma yangu ni genge. Pamebaki upande mmoja, ua wa Rugemalira, na ua huo una geti lenye kufuli. Kila nikienda sokoni au kanisani napita mbele ya mkewe, Adventina, anayemenya ndizi barazani.

"Ma Serafina, unatoka tena?" huniuliza. "Jana si ulitoka?"

Nami hujibu kwa upole, kwa sababu ufunguo anao yeye. Siku akienda msibani, mimi nashinda ndani. Kahawa yangu iliwahi kuota ukungu kwenye magunia nikingoja arudi. Jovitha ananiambia nihamie kwake. Lakini nikiondoka, Rugemalira atasema nimekiacha kibanja, na kaburi la Rwekaza litakuwa lake.

Hata ndani sina utulivu. Nikifungua redio kusikiliza rozari, mlio wa mnara unaingia katikati ya sala, mfupi, mrefu, mfupi, haukomi. Ndaki, kijana wa Geita anayeulinda, alinieleza kwamba kwa milio hiyo mnara unalitaja jina lake ili rubani ajue yuko wapi. Tulizoea kuongea uzio ukiwa katikati yetu. Ni yeye aliyeniambia, akicheka, kwamba alfajiri ya siku jeshi lilipopima eneo la mnara alikuwa hemani akijaribu mitambo, akamwona shemeji yangu na jembe.

"Mama, yule ni mkulima hodari," alisema. "Wenzake wanahamisha migomba, yeye anahamisha mpaka."

Sikucheka. Nilimwomba alikumbuke neno hilo.

Mwaka huu alikuja Kapteni Minza, mkuu wa mawasiliano pale kiwanjani, kukagua mnara. Nikamwita kutoka kwenye uzio. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema uzio unaweza kusogezwa kunipa kichochoro, nyaya hazifiki pembeni pale, lakini lazima apatikane mtu wa kuthibitisha kwamba njia ilikuwepo. Akaagiza Rugemalira aitwe.

Nilimpigia magoti shemeji yangu mbele ya askari. Nikamwambia, "Waitu, tafadhali, sema tu njia ilipita wapi. Sitadai kingine."

Hakunitazama. Alimwambia kapteni kwamba mimi ni mjane mwenye uchungu, na pale hapajawahi kuwa na njia.

Nikamtaja Ndaki. Kapteni akamgeukia. Ndaki alitazama buti zake. Mchana ule, kama kila mchana, alikuwa amekula kwa Adventina.

"Nilikuwa nimevaa spika za masikioni, macho kwenye mitambo, afande," alisema. "Sikuona mtu."

Kapteni Minza alinipa pole, akapanda gari lake, akaondoka. Jioni nilirudi kupitia ua wa Rugemalira, na Adventina akafunga kufuli nyuma yangu.

Tangu siku hiyo Ndaki hasogei karibu na uzio nikiwepo. Namsikia tu kibandani akiongea na kiwanja kwa redio, akisoma upepo na mawingu, na mara nyingine anayemjibu ni sauti ya Kapteni Minza. Rugemalira ana deni la njia yangu. Ndaki ana deni la sentensi moja kwa kapteni wake, kwamba alimwona mtu na jembe alfajiri ile.