Askofu Hakai Nyuma

Juzi nilicheza chesi kwenye simu ya mwanangu, nikamtoa askofu mapema, simu ikaniwekea alama ya kuuliza kuonyesha nimekosea. Nikakumbuka mchana mmoja kule Kagongwa, mashine za mpunga zinanguruma na vumbi la pumba linatuwasha shingoni.

Baba mdogo ndiye aliyenifundisha. Siku hiyo nilisogeza askari wa mbele ya mfalme, akanijibu kwa ule ufunguzi anaoupenda, uitwao ulinzi wa Kisisilia. Nikamtoa askofu.

“Mrudishe, mayu,” akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. “Farasi ndiye anayetangulia.”

Nikakataa. Parokiani kwetu, askofu alipokuja kutoa kipaimara, hakukaa nyuma ya mtu. Tulimpokea barabarani kwa vigelegele. Niliamini hata askari wa baba mdogo wangempisha.

“Ukifungwa, kesho nacheza na kaka yako.”

Hawakumpisha. Walimfukuza hatua kwa hatua mpaka nikafungwa.

Kesho yake nilimkuta kaka kwenye kigoda changu. Nikamwinua, nikakaa, nikamtoa askofu yuleyule.

Sasa najua baba mdogo alisema kweli, na simu nayo inasema kweli. Mwanangu akaniuliza kama amrudishe askofu. Nikamwambia asiguse.