Nilikataa Kuingia Mizani, Mama Mkwe Akashuka Garini

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili mtu asije akaniambia ninaficha. Na wale watakaocheka wacheke sasa wamalize, maana hapa Khayega nimechekwa mpaka watoto wa shule wakipita wanainama wajifanye wanafunga viatu.

Mimi ni mtu wa hasira. Marehemu mama yangu alikuwa akisema nilitoka tumboni nikiwa nimekunja ngumi. Sijawahi kushindwa kwa mabishano, na hilo si sifa, ni ugonjwa!

Nina gari. Lilikuwa basi la shule, shule ikalichoka, nikalinunua bovu na kulifufua mimi na fundi wangu wa vyuma. Tuling'oa viti vya nyuma vyote, tukaweka kitanda kipana, jiko la gesi, tangi la maji na mapazia. Wanaume wa kwetu husifiana kwa fahali wa kupigana. Mimi nilijisifia basi. Mimi na bibi yangu tumelala ndani yake Kitale, Kisumu na hata Naivasha, tukiamka tunapika chai mlangoni kama watalii. Majirani walilipa jina, wakaliita Nyumba ya Kutoroka. Sikuwajali.

Sasa kulikuwa na jambo moja nililolipigania kila mahali, kwa kinyozi, matangani, kwenye kituo cha boda boda. Nilisema gari la mtu binafsi la matembezi halilazimiki kuingia mizani ya barabara kuu. Mizani ni ya malori ya saruji na ya miwa. Mimi sibebi mzigo wa mtu, silipwi na mtu, nipimwe kwa nini? Nilikuwa nikiuliza hivyo kwa sauti, na kabla mtu hajafungua kinywa nishajijibu mwenyewe. Dereva mmoja wa lori, mtu mzima mwenzangu, aliniambia polepole kwamba kibao cha pale mizanini kinataja uzito wa gari, hakitaji biashara. Nikamwambia aende akalale kwenye lori lake.

Ninyi mnaosoma, mnajua kitu? Nilikuwa sijawahi kukisoma kile kibao hata siku moja. Nilikuwa nakipita tu na kiburi changu, na kwa bahati mbaya hakuna aliyenisimamisha.

Mwaka huu bibi yangu aliteleza kwenye matope nyuma ya jikoni akavunjika mguu, juu kabisa, karibu na nyonga. Hospitalini walimtia vyuma, wakamruhusu arudi nyumbani kwa onyo kwamba asikanyage chini. Basi ikawa ni kumwosha, kumgeuza, kumbeba, na mambo mengine ambayo mume hayawezi na jirani haombwi. Nilijaribu. Nilimgeuza vibaya akapiga kelele, nami nikamkaripia kwa kupiga kelele. Siku hiyo akaniambia anamtaka mama yake.

Mama yake ni mjane wa Mautuma, kule Lugari, na ana goti lisilokunjika. Kwenye Probox, yale magari madogo ya abiria, anaumia safari nzima, na mwisho aliapa hatapanda tena. Kwa hivyo basi langu ndilo lilikuwa jibu. Angenyoosha mguu wake huko nyuma mpaka Khayega.

Hapa niwaeleze vijana mnaoishi na wakwe zenu kama marafiki. Sisi wa zamani, mkwe na mama mkwe hawazoeani. Hatupeani mikono, hatuli pamoja, na tukikutana njiani mmoja wetu hukata kona. Nikiwa na neno nalipitishia kwa shemeji yangu, kaka yake bibi, na jibu hurudi kwa njia hiyo hiyo. Lakini jambo kubwa kuliko yote ni kitanda. Mama mkwe hakioni kitanda anacholalia mkwe wake, seuze kukikalia. Ni aibu isiyotoka kwa sabuni. Ndiyo maana bibi yangu tulimhamishia nyumba ndogo ya jikoni, kwa kitanda kipya, ili mama yake aweze kuingia kumhudumia. Huyo mama ameshika miiko hiyo tangu nimuoe binti yake, hajateleza hata mara moja.

Bibi yangu, pamoja na maumivu yake, alifikiria mbele kuliko mimi mwenye miguu miwili. Aliniambia, "Kwanza toa kitanda kwa hiyo basi. Mama hawezi panda mahali unalalanga."

Nikasema sawa. Sikukitoa.

Kilikuwa kimefungwa kwa bolti, bolti zimeshika kutu, na mimi sina subira. Nilitandika leso mbili juu yake, nikapanga mito ya sebuleni ukutani, kikafanana na kochi. Nilisimama nikakitazama nikajisifu. Mjinga mkubwa!

Asubuhi nilipofika Mautuma, mama mkwe alikuwa tayari amesimama karibu na zizi, leso kichwani, fimbo mkononi, uso ameugeuzia shambani kama inavyotakiwa. Kando yake kulikuwa na kikapu, na ndani ya kikapu ingokho, kuku jike mnene aliyemfugia binti yake apate supu ya kuunga mifupa. Shemeji akaja dirishani kwangu.

"Mama anauliza, hii gari inalalwanga?"

Nikatazama usukani. "Mwambie hapana. Ni gari tu."

Shemeji alinikazia macho kidogo. Picha za Naivasha alikuwa ameziona kwenye simu ya dada yake. Lakini nani atamwita mkwe mwongo mbele ya mama, saa ya kuanza safari? Alirudi akamwambia mama yake nilivyosema. Mama akapanda kwa mlango wa nyuma, akanyoosha mguu wake juu ya kile kitanda changu, akamweka kuku karibu naye. Shemeji akakaa mbele na mimi, na pazia zito likawa katikati yetu na mama. Nilimsikia akishukuru Mungu kwamba goti halimuumi.

Tukaenda vizuri. Tulipoikaribia mizani, malori yalikuwa kwenye foleni upande wa kushoto, na askari akanipungia niingie. Nilipita. Shemeji akasema polepole tungeingia tu. Nikamjibu kwamba mimi si mbeba mawe. Mbele kidogo kulikuwa na kizuizi kingine, na hapo hawakunipungia, walisimama katikati ya barabara. Nikarudishwa kinyumenyume mbele ya madereva wote, shingo imenivimba kwa hasira.

Aliyekuja dirishani alikuwa msichana mdogo wa umri wa binti yangu, amevaa koti linalong'aa. Nilianza kumfokea kabla hajasema habari yako. Nilimwambia serikali imekosa kazi, na kwamba gari ni langu, si la biashara, sheria naijua kuliko yeye. Nilimwita majina ambayo siyaandiki hapa. Yeye akangoja nishushe pumzi.

"Mzee, hapa hatuulizi umebeba nini," akasema. "Gari ikiwa kubwa inapimwa, iwe ya matembezi, iwe ya biashara. Ingia, ni dakika mbili uende."

Dakika mbili! Mtu mwenye akili angeingia. Goti la mama mkwe lilikuwa limenyooka, bibi yangu alikuwa ananingoja, kuku alikuwa hai. Mimi nikazima injini nikashuka. Madereva wa malori walikuwa wamesogea kutazama, na mimi nikiona watu wananitazama nazidi wazimu. Nikazunguka mpaka mlango wa nyuma nikaufungua kwa kishindo.

"Njoo uone kama hii ni lori," nikasema, na sauti yangu ilisikika mpaka upande wa pili wa barabara. "Hii ni nyumba yangu. Kitanda changu ndicho hicho. Mimi na bibi yangu tunalala hapo. Wewe utapima kitanda cha mtu?"

Na mkono wangu, huu huu ninaoandikia, ukavuta leso kuonyesha godoro.

Mama mkwe alikuwa amelikalia.

Naapa nilikuwa nimesahau kwamba yuko pale. Hasira ilinifutia akilini mtu mzima, na goti lake na kuku wake, nikabaki naona mabishano tu. Yeye hakunitazama. Alitazama godoro, akatazama maua ya shuka, kisha akajifunika uso kwa leso yake. Yule msichana wa mizani akageuka akatazama malori. Wale madereva waliokuwa wanacheka wakaacha kucheka, kwa maana wengi ni watu wa huku huku, walielewa.

Shemeji alimshusha mama yake kwa kumshika kwapani. Ilichukua muda, lile goti. Aliposimama chini alimwambia mwanawe maneno machache, naye shemeji akanijia huku akitazama viatu vyake.

"Anasema nikwambie alikuuliza."

Hilo tu. Hakutukana, hakulaani. Afadhali angelaani!

Walivuka barabara wakasimamisha Probox ya kurudi Lugari. Yule mama aliyeapa hatapanda tena aliingizwa nyuma kwa kusukumwa, na mguu wake haukukunjika, ukabaki umetokeza kati ya viti viwili vya mbele. Nilimwona akiuma leso. Mlango ukafungwa wakaenda.

Kikapu walikuwa wamekiacha garini, kwa sababu kuku ni wa binti yake, na binti hana kosa.

Niliingia mizani. Nilipanda juu ya kile chuma cha kupimia, wakasoma, wakasema gari liko sawa kabisa, halina shida yoyote. Dakika mbili, pengine hazikufika. Kwa kupita bila kupimwa nilishtakiwa na nikaadhibiwa, na hiyo ni haki yangu, siyo hasara ninayoililia. Nilipokuwa natoka nilikisoma kile kibao kwa mara ya kwanza. Kinataja uzito, kama yule dereva alivyoniambia. Hakina neno hata moja kuhusu matembezi.

Nikarudi Khayega peke yangu na kuku.

Bibi yangu alikuwa amesukwa nywele na jirani ili mama yake asimkute vibaya. Maji ya kunawa yalikuwa yamepashwa. Aliuliza mama yuko wapi. Nikamwonyesha kikapu. Kaka yake alikuwa tayari amempigia simu, na yeye bibi alikuwa anangoja tu aone nitasema nini. Na mimi, mbishi wa Khayega nzima, nikasimama mlangoni na kuku mkononi.

"Ulimwambia polisi nyumba yako ni ile basi," akasema. Hakupaza sauti. "Basi nenda ukalale kwako."

Kisha akanyoosha mkono kutoka kitandani nimpe ufunguo wa nyumba kubwa. Nikampa.

Ndiyo, mnasoma vizuri. Nalala kwenye basi, ndani ya boma langu mwenyewe, hatua chache kutoka nyumba ya matofali niliyoijenga kwa jasho. Mvua ikinyesha juu ya bati la basi huwezi kusikia hata mawazo yako. Mdogo wake bibi ndiye amekuja kumhudumia, ameacha watoto wake kwa jirani. Ananiletea obusuma, ugali wetu, na mboga, anaziweka kwenye ngazi ya basi, anagonga bodi mara moja, anaondoka. Tangu niwe fukara wa chakula cha moto sijawahi kubishana na yeyote kuhusu sheria za barabara.

Nilituma wazee wawili Mautuma kuniombea msamaha. Walirudi wakasema mama amewapokea vizuri, amewapa chai, na amesema hana neno na mimi. Nilifurahi mpaka mmoja wao akaniambia nisifurahi. Hana neno na mimi maana yake hana la kuzungumza nami tena. Lakini kwa binti yake atakuja, siku lile gari litakapotoka bomani, si kabla.

Juzi bibi yangu alikanyaga chini kwa mara ya kwanza. Nilimwona kupitia dirisha la basi. Alikuwa ameshikwa na mdogo wake, na alipopiga hatua ya pili alianza kulia akimwita mama yake kama mtoto. Siwezi kuwaambia nilivyojisikia. Nilitaka kupiga mtu, na pale ndani nilikuwa peke yangu.

Nimelitangaza basi liuzwe. Jana alikuja mzee mmoja kutoka Shianda, analitafutia kanisa lao, kwaya isafirie. Akalizunguka, akagonga tairi, akachungulia ndani akaona blanketi langu na sufuria yangu. Akaja mpaka karibu yangu.

"Na hii gari," akasema, "inalalwanga?"

Ningeweza kusema hapana. Blanketi ni blanketi tu, ningesema la mlinzi. Kanisa lingelichukua, mama mkwe angekuja wiki hii hii. Ulimi ulikuwa tayari!

"Inalalwa," nikamwambia. "Mimi ndiye nalalanga."

Alinitazama, akaitazama nyumba ya matofali na kufuli yake. Alisema atashauriana na wazee wa kanisa. Hajapiga simu.

Kwa hivyo wewe mwenye gari kubwa la starehe unayejidai mizani ni ya malori, acha ujinga. Simama. Wapimwe wenye mawe na wewe mwenye kitanda, haikupunguzii kitu. Na mama mkwe wako akikuuliza swali dirishani, mjibu ukweli hapo hapo kabla hujawasha gari. Mimi nilimjibu mbele ya madereva wa malori, na bibi yangu anajifunza kutembea bila mama yake.