Mguu Uliovimba na Shimo la Sokoni

Jamani, hili jambo mke wangu simruhusu alisimulie mbele ya wageni, maana nikilikumbuka natamani kujifunika uso na shati, lakini kwa kuwa nyie ni watu wangu, haya, chekeni.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, Manyoni nzima imeingia kwenye biashara, na mimi nauza mitumba sokoni, meza yangu imepakana na ya Mama Neema. Siku moja nikishusha robota kwenye lori mguu ukateguka. Maumivu yalipoa, ila uvimbe ukagoma, wiki zinapita kifundo bado kimejaa kama andazi (kiatu nilivaa bila kufunga kamba), na mimi badala ya kwenda zahanati nikaanza kuchunguza watu.

Nikamchunguza Mama Neema. Mbona kila asubuhi anafagia mpaka upande wangu? Mbona kabla sijakaa ananiuliza, "Shemeji, mguu unaendeleaje?" Anataka kujua kama dawa yake imeshika! Na mbona wateja wananihama? (Walihama kwa sababu nilikuwa nimenuna kutwa, ila hilo sikuliona.)

Basi Jumamosi moja, soko limefurika, nikaazima jembe nikaanza kuchimba chini ya meza yangu nitoe alichonifukia. Watu wakajaa, nami kuona wamejaa nikapandisha sauti, "Leo mtamjua mtu!" Jembe likagusa kitu. Nikavuta: mfupa, umeviringishwa kwenye tambara lenye damu kavu. Nikamnyooshea Mama Neema kidole.

"Haya sema, umenifunga mguu, hukunifunga?"

Hajajibu, mbwa wa bucha akapenya katikati ya watu akaurukia ule mfupa. Mimi navuta, yeye anavuta, nikarudi nyuma nikatumbukia kwenye shimo langu. Mguu uleule!

"Mwachie, Baba Rehema," mwenye bucha akapaza sauti, "wa kwake huo, na tambara kaniibia mimi!"

Soko zima lilicheka isipokuwa Mama Neema. Alitafuta mkokoteni, akanipandisha, tukaenda zahanati mimi nimeinamisha kichwa.

"Mume wangu naye aliteguka akapuuza," akaniambia njiani, "mpaka leo anachechemea. Ndiyo maana nilikuwa nakuuliza, shemeji."



Nesi akaubonyezabonyeza mguu, akasema mfupa mzima. "Unausimamia kutwa?"

"Ndiyo."

"Ukilala unauinua juu ya mto?"

"Hapana."

"Sasa huo uvimbe uende wapi?"

Akanifunga bandeji, akaniagiza nipumzike, na maumivu yakipungua niwe nauzungusha taratibu kila siku. Nilipolala nyumbani, mezani kwangu aliuza Mama Neema, na hela akaniletea. Nilimwomba radhi palepale sokoni, mbele ya walewale walionicheka, maana kunisamehe alinisamehe ila jina lake nilikuwa nimelichafua hadharani.

Tangu hapo nikiumwa naanza na zahanati, na mtu akiniuliza naendeleaje, namwambia ninavyoendelea, basi.